Barua kwa mdogo wangu aliye Dodoma: acha kifua, tazama mkia

Mbukwa, mdogo wangu,

Yule ndege uliyempiga picha nyuma ya kota, mwenye kifua cha rangi ya chungwa na nyusi nyeupe, si Irania, yule ndege mgeni wa msimu, kama ulivyodhani; ni kurumbiza wetu wa siku zote. Mkia wake ni wa rangi ya kutu, na hapo ndipo Irania anapokataa. Irania gutturalis ana mkia mweusi, awe dume au jike.

Huyo mgeni huzaliana kuanzia Uturuki hadi Asia ya Kati, kisha hushuka kwetu. Mtafute kuanzia Novemba hadi mwanzoni mwa Aprili, tena si bustanini. Yeye ni wa vichaka vikavu vya migunga na mikole, vile vya kuchana nguo, ambako chini kuna majani makavu ya kupekua wadudu.

Dume hana shida: mgongo wa kijivu cha risasi, mashavu meusi, na mstari mweupe katikati ya koo. Kwa kurumbiza, chungwa limepanda hadi kidevuni.

Kazi ni jike. Ni wa kijivu kilichochanganyika na kahawia, koo jeupejeupe, chungwa kidogo ubavuni, na ukubwa wake unamzidi shomoro kidogo tu. Hurukaruka chini kwa miguu mirefu, mkia akiuinua juu. Wengi humchanganya na Luscinia luscinia, mgeni mwingine wa vichaka hivyohivyo, lakini huyo mkia wake ni kahawia inayoelekea kutu na kifua kina mawingumawingu. Isitoshe, huyo huimba kwa nguvu wakati wa mvua, kwa hiyo wimbo mkali wa kichakani usiuandikie Irania kwa kusikia tu.

Fika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likiwa mgongoni. Darubini ya 8x42, yaani ya kukuza mara nane, inatosha; ya mara kumi hutikisika zaidi na huonyesha eneo dogo, na kichakani eneo ndilo unalohitaji. Simama hatua kama kumi na tano kutoka ukingoni, utulie dakika ishirini. Ukiingia ndani atakukimbia kwa miguu chini ya miiba, hutamwona tena. Sauti za kwenye simu usimpigie kabisa, mwache ale.

Jua likishapanda, rudi nyumbani. Udongo wetu mwekundu humulika matumbo ya ndege kutoka chini, na kila chenye kijivu huonekana kina chungwa. Jike aliyeandikwa saa sita mchana bila picha mimi simkubali.

Ukikosa picha ya mkia, andika ulichokiona kabla ya kufungua kitabu, maana ukishatazama mchoro macho hukubali lolote. Kisha ingiza kwenye eBird, ule mtandao wa kuandikia ndege walioonekana: saa, idadi, aina ya kichaka. Na yule kurumbiza usimfute, mpandishe kwa jina lake.