Mbele ya kununua kebo, fungua kiti uangalie midomo

Lubumbashi, siku ya mposho, magaribi

Papa Furaha ndugu yangu,

Salamu mingi toka huku, kwako, kwa Mama Furaha na batoto bote. Sisi tuko bazima, ni baridi tu njo inatupiga, hii mwezi ya sita asubuhi hata maji ya kunawa uso unayaogopa, na sasa hivi ninakuandikia na telefone ju kuranti imeenda tangu saa kumi, haina shida, tumeshazoea.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Kumbe kweli ulinunua ile minibasi! Na unataka kuitia kitanda, frigo kidogo, taa, mahali pa kucharji makamera, ili ukienda kupiga picha za harusi mbali ulale mo ndani usilipe tena hoteli. Nimefurahi. Sasa unaniomba liste ya makebo na vidude vya kuunganisha telefone ao kompyuta na mitambo ya umeme, ya kuipanga na ya kuiangalia. Liste nitakupa, lakini si leo, ju ukiniambia tu "mo ndani kuna vitu vya bulu vya Victron", ile kampuni ya mitambo ya umeme, bado hujaniambia kitu. Ni kama mutu anaingia farmasi anasema nipe dawa, ninaumwa.

Acha kwanza nikuchekeshe. Mwaka jana shemeji yangu wa Kampemba aliniletea gari yake, ile anapigaka nayo njia ya Likasi na Kolwezi. Mo ndani kulikuwa MultiPlus ya volti 12, ile mashine inageuza umeme ya batri kuwa 220 na ukipata kuranti ya mjini inacharji batri. Ilikuwa imepangwa kwa batri ya risasi, na yeye alitoa ya risasi akatia ya lithium, kwa hiyo lazima mashine ipangwe upya. Miye nikasema hakuna tabu, nitafanya na telefone. Nikaagiza VE.Bus Smart dongle, kidude cha blutuu cha kuchomeka kwa mashine. Ikapanda lori toka Afrika Kusini, ikalala mpakani Kasumbalesa, ukijua vile Kasumbalesa iko hauulizi siku ngapi, jumla wiki tatu. Inafika, ninaichomeka, blutuu inashika palepale, ninaona volti ya batri, ninaona joto yake, ninaweza kuzima na kuwasha mashine nikiwa nimekaa nje na kikombe ya chai mukononi, nikajiona mukubwa kabisa. Kisha ninatafuta mahali pa kubadilisha volti ya kucharji. Hakuna. Ninafungua huku, ninafunga kule, hakuna. Shemeji ananiangalia tu. Kumbe kile kidude kinaangalia na kinawasha na kinazima, basi, kupanga hakipangi! Ya kupanga ni kingine, kinaitwa MK3-USB, na ilikuwa imeandikwa mu karatasi yake, miye njo sikusoma. Wiki tatu ingine.

Tangu siku ile, mutu akiniuliza kebo, ninamuuliza: unataka kupanga, ao unataka kuangalia? Ju batu banachanganyaka hizi mbili sana. Kupanga unafanya mara moja, mara mbili, ukibadilisha batri unarudia, kwa hiyo kebo ya kupanga unaweza hata kuazima kwa rafiki. Kuangalia ni kila siku, usiku umelala frigo inanguruma unataka kujua batri imebaki ngapi bila kutoka mu blanketi.

Swali la pili ni midomo. Shuka, fungua kile kiti mitambo iko chini yake, chukua tochi, uangalie kila mashine iko na mdomo gani wa kuunganisha na pembeni yake kumeandikwa nini. Kwa Victron, regilateri ya pano (ile inapima umeme ya jua kwenda kwa batri) na kipima-batri ziko na mdomo mudogo wa pini 4, kumeandikwa VE.Direct. MultiPlus iko na mdomo kama ule wa kebo ya intaneti, kumeandikwa VE.Bus. Hizi mbili hazijuani hata kidogo, kidude ya moja hakifanyi kazi kwa ingine.

Kisha soma jina ya regilateri vizuri. Kama ni SmartSolar, blutuu iko mo ndani tayari, hauna kitu cha kununua, unatia programu ya VictronConnect mu telefone, ni ya bure, unaanza. Kama ni BlueSolar, hiyo "Blue" isikudanganye, ni rangi tu, blutuu haina. Kipima-batri vilevile, BMV-712 iko na blutuu, BMV-700 haina, na ukiziweka mezani zinafanana kama mapacha, njo maana ukinunua ya mukono wa pili soma namba, usisikilize muuzaji.

Kwa BlueSolar ao BMV-700 uko na njia mbili. Moja ni kebo ya VE.Direct kwenda USB, ingine ni kidude cha VE.Direct Bluetooth Smart unachomeka na kukiacha pale. Miye ningeanza na kebo ya USB. Kidude cha blutuu kinakaa kwa mashine moja na kinakula ule mdomo wake, na mdomo ni mmoja tu, siku ukitaka kutia kitu kingine mahali hapana. Kebo ya USB leo inasoma regilateri, kesho inasoma kipima-batri, keshokutwa unanikopesha. Lakini angalia telefone yako: Android inakubali na ile adapta ya OTG, kichwa cha kufanya USB iingie kwa telefone, iPhone haikubali hii kebo, itabidi kompyuta. Na unajua wewe na hiyo iPhone yako.

Ah, na hapa kuna mutego, batu bengi banaanguka. Kuna kebo inaitwa VE.Direct tu, bila USB, iko na ule mdomo mudogo pande zote mbili. Hiyo ni ya kuunganisha mashine na kisanduku kikubwa cha kuangalia, nitafika kwake, kwa kompyuta haiingii popote. Ni bei ndogo kuliko ya USB kwa hiyo mutu anaona aah nimepata bei nzuri, kumbe. Zinakuja kwa urefu tofauti mpaka metre 10, na kuna zenye kichwa kimepinda upande, hizo ni nzuri mu gari ju nyuma ya mashine nafasi inakuwaka kidogo. Pima mbele na kamba, fuata njia yenyewe waya itapita, usipime hewani. Kebo fupi usiikate kuunganisha na tepu, ninakujua.

Kwa MultiPlus, ile MK3-USB inaingia USB kwa kompyuta upande moja, na upande ingine unatia kebo ya RJ45, ile ya intaneti ya kawaida, ya nyuzi zote 8, kwenda kwa mdomo wa VE.Bus. Nunua kebo imefungwa toka kiwandani. Batoto ba siberi banajua kubana vichwa lakini kichwa kikilegea, mashine inaingia na kutoka na wewe utafikiri ni programu, utapoteza siku nzima unaitafuta kule haiko. Mu gari tena inatikisika, barabara zetu unazijua.

Sasa kama vitu vyako kumbe si vya Victron, ju labda uliangalia tu rangi ya bulu, na kuna mingi ya bulu mu dunia hii, sikiliza vizuri zaidi. Kampuni ya EPEVER kwa regilateri mingi iko na mdomo wa RJ45 pia, sawasawa kwa macho na wa intaneti, lakini mo ndani ni lugha ya RS485, na waya zingine zimebeba volti 5. Usichukue kebo ya intaneti ukaunganisha hiyo regilateri na mdomo wa intaneti wa kompyuta, haitasema kitu na unaweza kuunguza mdomo. Inataka kebo yake yenyewe ya RS485 kwenda USB, na kompyuta itaomba draiva, kaprogramu ka kuitambua kebo, mbele ya kuiona, pakua hiyo draiva ukiwa bado mjini mahali intaneti iko, si umefika kwenye harusi. Kama kompyuta hauna, kuna kaskrini kadogo ka MT50, unakabandika ukutani unasoma na unapanga mo humo. Na kama ni ya kampuni ya Renogy, vidude vyake vya blutuu viko mbili, BT-1 ya mdomo mudogo kama wa telefone ya mezani, na BT-2 ya mdomo wa RJ45. Kimoja hakifanyi kazi kwa mdomo wa mwenzake, kwa hiyo angalia mdomo mbele ya kulipa.

Kile kisanduku kikubwa nilisema, cha Victron kinaitwa Cerbo GX. Kinakusanya zote, regilateri, kipima-batri, MultiPlus, unaona kwa skrini moja, na ukikitilia intaneti unaona gari yako hata uko mbali, kupitia VRM, tovuti ya Victron ya kuangalia, hiyo haulipie. Ni nzuri, sikatai. Lakini wewe utakuwa umelala metre moja na nusu toka batri, unataka intaneti ya nini? Megabaiti zako zitaisha kwa kutazama frigo, na yenyewe kisanduku kinakula umeme kidogo usiku na mchana. Ungekuwa na gari tano unakodisha batu, hapo ningesema nunua. Kama moyo unakataa kabisa, kuna batu banachukua kompyuta ndogo ya Raspberry Pi banatia Venus OS, ni programu ileile ya kisanduku, inapatikana bure, banachomeka ile kebo ya VE.Direct ya USB na MK3, banapata karibu sawa. Ile Raspberry yako ya zamani iko wapi? Ulisemaka utaifanya redio.

Kitu kimoja kuhusu blutuu: gari ni bati. Ukifungia regilateri mu sanduku ya chuma chini ya kiti, kisha batri mbele, kisha mbao, telefone itaona leo kesho haioni. Ya shemeji tulitoa tu kifuniko cha chuma tukatia cha mbao na ikaisha. Na ubadilishe ile namba ya siri ya blutuu, za zamani zinatokaka na sifuri sita, mutu akipaki pembeni yako anaweza kuingia mo ndani na kukuzimia frigo, nyama ikaoza, ukasema ni bulozi.

Ukishaunganisha sasa, usishangilie mbele ya kupanga. BMV inatoka kiwandani inaamini batri iko ya Ah 200, ndiyo ukubwa wake. Kama yako ni 100 na haukuibadilisha, itakuambia imebaki 50 kwa 100 na kumbe batri imeisha kabisa uko mu giza na bibi harusi anangojea flashi. Na waya zote za negativu, zote, frigo, taa, mashine, pano, zipite upande wa mzigo wa shanti, kile kipande cha chuma cha kipima-batri kinapima umeme, kwa nguzo ya batri kubaki waya moja tu ile ya shanti. Fundi mmoja aliacha waya ya frigo kwa batri moja kwa moja, frigo ilikuwa inakula kimyakimya na kipima hakioni kitu, tulitafuta siku mbili. Sitasema fundi huyo ni nani, lakini yuko anakuandikia.

Lithium ya volti 12 kwa Victron inaanzaka na volti 14.2 ya kujaza na 13.5 ya kushikilia, lakini karatasi ya batri yako njo mukubwa, fuata yenyewe. Zima ile kurekebisha volti kwa joto, na ile ya kusawazisha, hizo ni za batri ya risasi. Ile ya kukataa kucharji kwa baridi iache imewaka, kwa SmartSolar inakuwaka kwa digrii 5 lakini inahitaji kitu cha kuipa joto ya batri, Smart Battery Sense inafanya hiyo kwa blutuu bila waya. Kwako Bukavu sijui kama utaihitaji, miye huku na hii baridi nimeitia.

Basi fanya hivi, kesho ukitoka misa fungua kiti, piga picha ya kila mdomo na ya kila karatasi ya namba iko imebandikwa kwa mashine, kwa karibu, isiwe na giza, wewe ni mupiga picha usinitumie picha ya kutetemeka. Nitakuandikia liste siku hiyohiyo. Na kama kwa moja utaona VE.Bus, niambie mbele, ju ile dongle yangu ya wiki tatu iko bado mu droo. Shemeji alinunua MK3, nikampangia, kisha akasema yeye kuwasha kwa telefone hataki, kidole kiko. Kwako itakufaa kuzima mashine usiku ukiwa mu blanketi. Muloko wangu anakuja huko mwisho wa mwezi, nitamupa, na yeye umupe samaki sambaza za kukauka, kilo mbili, si moja kama mara ile.

Nisalimie Mama Furaha. Batri ya telefone imebaki 9, na hii haina kebo ya kuipanga.

Ni miye,
Papa Neema