Barua kwa mwanangu kabla ya maonyesho matatu

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sote wazima. Mguu wa bibi yako unaendelea vizuri, ameanza kutembea uani bila kushikwa mkono.

Ratiba uliyotuma imefika, na skoa ya utunzi wako mpya, karatasi zenye noti za wapigaji wote, nimeisoma hadi ukurasa wa mwisho. Maonyesho siku tatu mfululizo, la kwanza uwanjani na mawili ukumbini, halafu siku ya nne asubuhi unaingia studio. Kote huko mtunzi ni wewe, na tarumbeta ya kwanza ni wewe. Nimefurahi, tena sana, na kila mgeni anayebisha hodi hapa mama yako anamsimulia. Ila tangu niifunge ile skoa kuna swali moja halinitoki kichwani: mdomo wako utafika siku ya nne?

Tazama sehemu ya tatu. Kuanzia baa ya 41 (kipande kidogo cha mapigo kati ya mistari miwili ya wima) hadi ya 120 hukujiachia pumziko hata moja. Ni baa 80 za mapigo manne, kwa mwendo wa mapigo 132 kwa dakika. Piga hesabu: ni karibu dakika mbili na sekunde 25 kipulizio, kile kikombe cha kupulizia, hakijatoka mdomoni, na nusu ya noti hizo ziko juu ya mstari wa tano, yaani ni noti za juu. Programu ya kompyuta inakupigia yote hayo bila kuhema, kwa sababu haina mdomo. Wewe unao. Ukingo wa kipulizio ukigandamiza midomo muda wote huo, damu haipiti vizuri, msuli unachoka, midomo inavimba, na noti za juu zinaanza kukataa. Mpigaji akiona hivyo anabonyeza zaidi, na akibonyeza zaidi damu inazidi kupungua. Hapo ndipo watu wanapoumia. Noti moja ya juu iliyopigwa na mdomo uliopumzika haimuumizi mtu.

Dawa yake ni ndogo. Baa ya 73 hadi ya 80 mpe tarumbeta ya pili. Kwa mwendo ule baa nane ni sekunde 14 na kitu, zinatosha kutoa kipulizio, kulegeza midomo na kuitikisa kwa pumzi mpaka damu irudi. Halafu baa nne kuanzia ya 105, honi ichukue ule wimbo oktavu moja chini. Msikilizaji hatapoteza kitu, atapata rangi nyingine, na wewe utaingia baa ya 109 ukiwa na sauti badala ya kung'ang'ana.

Nakujua, utasema umeshaipiga sehemu hiyo mazoezini na ikawezekana. Kuipiga mara moja, asubuhi, chumbani, kunawezekana. Mimi naulizia usiku wa tatu, baada ya sehemu mbili za mwanzo na baada ya nusu ya kwanza ya onyesho. Mtunzi Haydn alipotunga konserto yake ya tarumbeta, utunzi wa mpigaji mmoja na okestra, mwaka 1796 alimtungia mpiga tarumbeta Anton Weidinger, kwa hiyo kila alichokiandika kilipita kwanza kwenye mdomo wa mtu mwingine ambaye angeweza kumwambia hapa hapapigiki. Kwako mtunzi na mpigaji ni mtu mmoja. Mtunzi anataka, mpigaji anaona haya kukataa, na mdomo hauna wa kuutetea. Ndiyo maana nautetea mimi.

Na vizibo vya sauti, vile vinavyochomekwa kwenye mdomo mpana wa ala kubadilisha sauti yake. Baa ya 58 katika sehemu ya kwanza umempa tromboni mapigo mawili ya kuvaa kizibo. Kwa mwendo wa 132 mapigo mawili hayafiki hata sekunde moja. Kizibo cha kawaida kinahitaji sekunde tatu au nne ili kiingie bila kugonga ala, na cha aina ya Harmon kinahitaji zaidi, maana lazima ukizungushe kidogo kishike, la sivyo kitaanguka jukwaani katikati ya pumziko. Tena kizibo cha kawaida kinapandisha sauti. Mpigaji asipovuta slaidi, lile bomba la kurekebishia sauti, anaishusha kwa mdomo. Umeona? Kila kosa dogo la kwenye karatasi mwisho wake linalipwa na mdomo wa mtu.

Sehemu ya pili siigusi. Pale ulipoipandisha tuba juu ikashika wimbo, honi na tromboni zikabaki chini yake kwa sauti ndogo, nimepasoma mara nyingi na bado napenda kurudi. Watunzi wengi huiachia tuba kazi ya kupiga besi tu. Ongeza alama za kuvuta pumzi kila baada ya baa mbili, kwa sababu tuba inakula hewa kuliko ala zote za kundi lako, na mpigaji asiyeonyeshwa pa kuhema atahemea katikati ya sentensi yako. Zile karatasi za wapigaji, ambapo mtu anatakiwa kugeuza ukurasa huku vidole viko mbioni, sikutegemea kutoka kwako. Panga ukurasa uishie kwenye pumziko, hata kama itabaki nafasi tupu chini. Na mwenye pumziko la baa 30 muandikie kwa noti ndogo anachopiga mwenzake kabla yake, asikae anahesabu kwa vidole.

Sasa onyesho la uwanjani. Utunzi ule wa zamani unaopigwa pamoja na sauti zilizorekodiwa ndio unaonitia wasiwasi, kwa sababu rekodi haisogei. Iliyofungwa kwenye noti A ya mitetemo 440 kwa sekunde itabaki 440 usiku kucha. Hewa iliyo ndani ya tarumbeta ikipoa kwa digrii moja ya Selsiasi, sauti inashuka karibu senti tatu (senti mia moja ni nusu-toni, hatua ndogo kati ya noti mbili). Ikipoa kwa digrii kumi, hiyo ni senti 30 hivi, karibu theluthi ya nusu-toni, na hakuna sikio lisilosikia. Mkiwa mmekaa bila kupiga, pulizeni hewa ya moto ndani ya ala kimya kimya, msisubiri mpaka zamu yenu. Anza jioni slaidi ikiwa imevutwa kidogo, ili upate pa kuisukuma sauti ikishuka. Ukianza imeingia yote, kitakachobaki cha kupandisha sauti ni midomo, na kwa usiku mzima hiyo ni adhabu.

Mwombe fundi wa sauti spika ya kujisikia mwenyewe, iliyoelekezwa kwako. Mpiga tarumbeta asiyejisikia anapuliza kwa nguvu mara mbili bila kujua. Wakati wa kupima sauti piga kwa nguvu baa nane tu ili fundi apate kipimo chake, mengine yote yapige oktavu chini na kwa sauti ndogo. Nimeona wapigaji wazuri wakimaliza midomo yao saa kumi jioni kwenye uwanja mtupu. Watu wakija, kilichobaki ni mabaki. Hata mazoezi ya mwisho na kundi, siku ile ile ya onyesho, noti za juu zipige chini. Kondakta mwenye akili hatakuuliza, na asiye na akili mweleze.

Kupasha mdomo kusizidi dakika 20. Anza na noti ndefu, laini, kuanzia G ya mstari wa pili ukishuka, kisha teleza kutoka noti hadi noti bila kubadilisha pistoni, vile vibonyezo vya vidole, na kila ukipiga dakika moja pumzika dakika moja. Noti za juu ziache, utazikuta jukwaani. Ukikaa nyuma ya pazia saa nzima kabla ya zamu yako, rudia dakika mbili tu. Onyesho likiisha, kabla ya kupiga picha na watu, piga noti za chini kabisa kwa sauti ndogo dakika tano. Najua hupendi kufanya hivyo. Fanya.

Dalili nazo zishike. Ukiamka midomo imekakamaa, lakini noti ndefu zikailegeza, huo ni uchovu wa kawaida, na siku moja au mbili za kupumzika huumaliza. Noti laini ya chini ikikataa kutoka, hewa ikavuja pembeni mwa mdomo, au noti moja ikatoka kama mbili zinazogombana, punguza kazi siku hiyo hiyo. Lakini ukisikia maumivu mahali pamoja, makali, hasa mdomo wa juu, au ukaona pamebonyea, weka ala chini hata kama ni katikati ya onyesho. Msuli unaozunguka mdomo unaweza kuchanika. Mwaka 1982 daktari wa upasuaji Jaime Planas aliandika juu ya wapiga tarumbeta waliochanika msuli huo, na hali hiyo akaiita kwa jina la utani la Louis Armstrong, Satchmo, ambaye mwenyewe midomo ilimlazimisha kuiweka tarumbeta chini kwa miezi katika miaka ya 1930. Mpiga tarumbeta wa jazi Freddie Hubbard alikuwa na nguvu kuliko karibu wote wa kizazi chake. Mwaka 1992 mdomo wake wa juu ulipasuka ukaingia maambukizi, na hadi alipofariki mwaka 2008 upigaji wake haukurudi ulivyokuwa. Sikuandikii haya nikutishe. Nakuandikia kwa sababu mdomo uliochanika hausubiri ratiba, na kuushona na kuufundisha upya ni kazi ya miezi.

Siku ya nne. Kama mkataba wa studio bado unajadiliwa, omba siku moja ya kupumzika katikati. Aliyepanga kurekodi asubuhi baada ya usiku wa tatu hapigi ala ya kupuliza, na wewe uliyekubali unapiga. Ikishindikana, anzeni na sehemu ya pili wakati mdomo wako unaamka, halafu sehemu ya tatu muirekodi vipande vipande, vile vya juu kwanza, baa 20 kwa baa 20. Msiirudie yote kuanzia mwanzo kwa sababu ya noti moja. Wakiweka maikrofoni ya utepe, yenye utepe mwembamba wa chuma ndani, isitazamane moja kwa moja na tarumbeta. Iwe pembeni kidogo na isiwe karibu mno, maana mpulizo wa hewa unaweza kuharibu ule utepe.

Mdogo wako ameng'ang'ania tromboni. Nimemwambia mkono wake bado mfupi, nafasi ya sita na ya saba, slaidi inapovutwa mbali kabisa, hazifikii. Mama yako anasema nimemvunja moyo, na labda nilisema kwa ukali. Nafikiria kumtafutia yenye vali ya F, kibonyezo cha kidole gumba kinachoongeza bomba: ile C ya chini anayoihangaikia nafasi ya sita ataipata nafasi ya kwanza, na B yake ataipata mbele kidogo ya nafasi ya pili. Ukikutana na anayeuza iliyotumika, usiitazame rangi. Vuta slaidi, ishushe taratibu, usikilize kama inakwaruza, kisha chungulia kama mirija miwili iko sambamba. Mabonyeo ya kwenye kengele, ule mdomo mpana wa ala, yananyooshwa. Slaidi iliyopinda ni gharama.

Tarumbeta yako ikague kabla ya safari. Kwenye lile bomba la kwanza linalopokea kipulizio, ukiona madoa ya waridi yenye kitovu chekundu, zinki inatoka kwenye shaba na bomba linaoza kutokea ndani. Mpe fundi. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu, ya moto yanaharibu rangi ya juu. Ukirudisha pistoni soma namba, ya kwanza ikikaa mahali pa pili hewa haipiti na utadhani ala imekufa. Kipulizio usikiache ndani ya ala ukisafiri. Kikinasa usikigonge wala usikizungushe kwa koleo, viungo vya bomba vitaachia. Kuna kifaa cha kukivutia, kila fundi wa ala za shaba anacho. Vipulizio vyote viwili, kikubwa na kidogo, viwe kwenye mkoba wa mkononi pamoja na ala, na chupa ya mafuta ya pistoni isizidi mililita 100, wasije wakakunyang'anya uwanja wa ndege. Ndani ya ndege hewa ni kavu, kunywa maji na upake midomo mafuta yasiyo na manukato.

Kuhusu haki zako nitasema kidogo, maana hili unalijua kuliko mimi. Chini ya Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa haki za watunzi, utunzi ni wako tangu ulipouandika, bila kuusajili popote. Pesa ya kupigwa hadharani ni jambo jingine: inakuja kupitia chama cha kukusanya mirabaha, malipo ya matumizi ya utunzi, na chama hakina habari nawe usipoandikisha utunzi na baada ya kila onyesho usipopeleka orodha ya vilivyopigwa, jina, mtunzi na urefu kwa dakika. Mwaka jana hukupeleka. Haki ya utunzi na haki ya rekodi zitenganishe kwenye mkataba wa studio, kila moja kwa kifungu chake, kabla ya kuweka saini.

Mama yako anauliza kama una nguo nzito ya ule usiku wa uwanjani. Mimi nauliza zile baa nane. Nitumie karatasi mpya ya tarumbeta ya kwanza na ya pili kabla ya mazoezi ya kundi kuanza, nizione kwa macho yangu, na umwambie tarumbeta ya pili mapema kwamba kuanzia baa ya 73 wimbo ni wake.

Baba yako