Taka za Hanford bado ni deni

Mhariri,

Hanford, katika jimbo la Washington nchini Marekani, ndiko ilikotoka plutoniamu ya bomu la Nagasaki, na hadi leo eneo hilo lina matangi 177 yaliyofukiwa ardhini yakiwa na zaidi ya lita milioni 200 za taka za mionzi na kemikali, mengi yakiwa na ukuta mmoja tu wa chuma na baadhi yakiwa yamekwisha kuvuja, karibu na mto Columbia ambamo Wayakama, kabila la wenyeji wa asili wa eneo hilo, huvua samaki aina ya samoni. Mkataba wa usafishaji ulitiwa saini mwaka 1989. Serikali ya Marekani, iliyoanza ujenzi wa Hanford mwaka 1943 na kupata bomu mwaka 1945 haiwezi, kwa haki, kutuambia kwamba kuziyeyusha taka hizo pamoja na kioo ili ziwe vipande vigumu visivyovuja kunakwamishwa na bajeti.

Msomaji wenu,
Arusha