Kwa binti yangu, kuhusu saini

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako tumeupata jana jioni. Mama yako alishangilia mpaka akapoteza miwani, tumekuja kuiona asubuhi ndani ya ndoo ya nguo chafu. Mkaguzi wa ubora kwenye kiwanda cha dawa, na umri huo! Jirani nimemwambia kabla hata hajaniuliza habari za asubuhi. Kwa hiyo usije ukadhani barua hii imeandikwa na mtu aliyenuna.

Ila kuna maneno uliyaweka mwishoni, pale nilipokuuliza kama kazi yenyewe unaipenda. Ukajibu, "Baba, kazi ni kazi tu, bora mkono uende kinywani." Nimegeuka nayo kitandani usiku kucha. Maneno hayo nayajua, nimeyatumia miaka ishirini na ushei. Ndiyo yanayomfanya mtu asaini.

Umeniambia hakuna mkupuo wa dawa utakaotoka getini bila saini yako. Sasa kuna siku, si ya kwanza wala ya pili, labda mwezi wa tatu ukishazoea, lori litakuwa linanguruma, dereva anapiga honi, karatasi ya maabara haijarudi, na mkubwa wako, mtu mzuri tu anayekuulizia hali ya wazazi, atakuwekea fomu mezani na kalamu juu yake. Atasema, "Saini tu, majibu yako njiani." Hatakwambia ufanye ubaya. Atakuomba usicheleweshe watu, basi.

Usisaini usichokiona.

Frances Kelsey wewe uliyesomea dawa unamjua kuliko mimi, lakini nivumilie. Alianza kazi katika mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 1960, na faili la thalidomaidi likatua mezani kwake akiwa bado mgeni kabisa. Alipewa yeye kwa sababu lilionekana jepesi: dawa ya usingizi, nchi nyingine zinaiuza tayari, basi mgeni ajifunzie hapo. Akasema ushahidi wa usalama hautoshi, leteni zaidi. Kampuni ikapiga simu, ikaja ofisini, ikamshtaki kwa wakubwa zake. Yeye akaendelea kudai karatasi. Mwishoni mwa 1961 ikajulikana kwamba ni dawa hiyo hiyo iliyokuwa ikifanya watoto wazaliwe na mikono na miguu mifupi. Duniani walizidi 10,000. Mwaka 1962 Rais Kennedy akamvisha nishani, na watu wakamwita shujaa. Mimi namwona alikuwa mbishi tu, mbishi wa aina yako. Anaulizwa, anajibu sijaona. Ubishi wako huo nilijitahidi sana kuuvunja ulipokuwa mdogo. Nilidhani nimeshindwa, nikashukuru. Jana niliposoma "kazi ni kazi tu" nikaogopa kwamba labda nilifaulu.

Na kisa cha Kelsey kinapendwa kwa sababu kinaishia vizuri. Kingine hakiishii hivyo. Allan McDonald alikuwa mhandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za kusukuma chombo cha anga Challenger. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1986 baridi ilikuwa kali, na wahandisi wakahofia mipira inayoziba maungio ya roketi, maana mpira ukipata baridi hukakamaa, ukikakamaa hauzibi. Saini iliyotakiwa ilikuwa yake. Akakataa. Mkubwa wake akasaini badala yake, chombo kikarushwa, na sekunde 73 baadaye kikasambaratika na watu saba ndani yake. McDonald alipowaeleza wachunguzi yaliyotokea, kazini wakamshusha cheo. Mpaka Bunge la Marekani lilipoingilia ndipo akarudishwa, akasimamia kuundwa upya kwa maungio yale yale.

Kwa hiyo sikudanganyi kwamba ukikataa wewe, basi watu watapona. Kalamu ni nyingi. Hata mimi stoo nilijiuliza hivyo hivyo: kama nisiposaini mimi atasaini mwingine, kukataa kwangu kunamfaa nani? Hati ilisema mifuko 200. Nilihesabu 140. Nilirudia kuhesabu. Mkubwa akasema iliyobaki inakuja kesho, nami nikamwamini, au tuseme nilitaka kumwamini. Kalamu ilikuwa yake, yenye wino wa kijani, nzito kidogo mkononi. Ukaguzi ulipokuja, aliyeondoka ni yule kijana niliyekuwa naye. Mimi sikuulizwa sana. Ada yako ya muhula ule ililipwa kwa wakati. Tuyaache hayo.

Lile jina la Mzee Mara Mbili ambalo wewe na mdogo wako mlilicheka sana, ndiko lilikotoka. Baada ya siku ile nilianza kuhesabu kila kitu mara mbili, hata misumari, na watu wakakasirika. Wanaofundisha semina wanasema mtu atafute kusudi la maisha, utadhani limeangukia uvunguni. Mimi niliingia kazini kwa ajili ya mshahara, na sioni aibu kulisema. Lakini miaka kumi ya mwisho nilikuwa naamka nikijua kwa nini naenda pale: nikisema zipo, zipo. Sikuwa na kitu kikubwa zaidi ya hicho.

Na hapo hapo nikuseme. Ile kazi ya maabara uliiacha baada ya miezi minne, ukasema mkubwa hana adabu. Sawa. Lakini usiniambie leo kwamba kazi ni kazi tu, maana kama ingekuwa hivyo ungebaki. Unajua kabisa unachokitaka, sema tu umechoka kukitaja.

Weka akiba ya miezi mitatu. Si ya nguo, ni ya siku ile ya lori. Asiye na akiba husaini haraka, nakuambia kwa kujua. Na uwe na daftari lako mwenyewe: tarehe, saa, nani kasema nini. Usilifiche, liache mezani walione. Watakaochukia, utawajua mapema.

Kula kwa wakati.

Hapa koki ya jikoni inadondosha maji usiku kucha, mama yako ameweka sufuria chini yake na mlio umezidi. Fundi kasema mpira umekakamaa. Nikacheka peke yangu, akanitazama kama nimerukwa na akili. Mdogo wako ameshaanza kuhamishia viatu vyake chumbani kwako, anasema anapima nafasi. Ndiye atakayekuletea barua hii. Mwambie arudi kabla ya giza, mimi ananiitikia tu.

Vyeti vyako halisi nimevitia kwenye mfuko wa plastiki ndani ya bahasha hii, usimwachie mtu, wape nakala. Ukifika kazini Jumatatu tuma ujumbe, usipige usiku, mama yako anashtuka.

Ndani ya bahasha kuna na ile fomu ya nyumba ya kupanga uliyoniachia niwe mdhamini wako. Nimeisoma kurasa zote. Ukurasa wa nne, pale pa kuandika kiasi ninachodhamini, pako wazi. Ulisema nisaini tu, mwenye nyumba atajaza. Sijasaini. Mwambie ajaze, umpe mdogo wako arudi nayo.

Ni mimi,
Baba yako