Barua kwa mwanangu anayehamia Dodoma

Mwanangu mpendwa, mama yangu,

Umelala. Nasikia feni ya chumbani kwenu inavyokwaruza, na mdogo wako anakoroma kama mtu mzima. Saa 11 alfajiri tunatakiwa tuwe stendi ya Nyegezi. Haya nilitaka niyaseme wakati wa chakula, lakini ulikuwa umemgeuza geuza yule sato bila kumla, nikaona nikifungua mdomo tutalia wote mbele ya watoto. Basi naandika. Isome ukiwa umeshapita Shinyanga.

Nianze na hili, maana najua ndilo linalokukaa rohoni. Unahamia Chuo Kikuu cha Dodoma kwa sababu ya ada. Tangu baba yako aumwe mgongo na kuacha gari, tumebaki na mshahara mmoja, na mkopo wa Bodi ya Mikopo ulikuwa haumalizi ada ya chuo binafsi. Kilichobaki nilikuwa nakopa kwenye vikoba, na muhula wa pili nilikopa kulipa nilichokopa. Wewe kichwani huna tatizo. Mwaka mzima hukubeba sapu hata moja, hukurudia mtihani wowote, umepata GPA, ule wastani wa alama, ya 3.9. Nakwambia hivi kwa sababu huko uendako kuna watakaodhani umedisko, yaani umefukuzwa kwa kufeli, ukatafuta pa kujificha. Mtu akikuuliza mbona umehama, mjibu: ada. Usiongeze maelezo, wala usiinamishe macho.

Sasa nikwambie ninachokijua mimi kwa kazi yangu. Miaka 19 nimekaa dirisha la masijala ya chuo, na kila mwaka napokea wanaohamia. Mwanafunzi aliyehama huwa yuko katikati ya madaftari mawili. Kule walikomtoa wameshamfuta, huku alikofika hawajamwandika. Kila ofisi inaamini ofisi nyingine imeshamaliza. Yeye anaingia darasani, anaandika notsi, anakula, analala, na mahali popote pale penye orodha hayumo.

Kuna binti alihamia kwetu akiingia mwaka wa pili. Uhamisho wake ulikuwa umepitishwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ada kalipa, hata kitambulisho alikuwa nacho. Alisoma muhula mzima. Siku ya mtihani, kwenye karatasi ya mahudhurio, jina lake liliandikwa kwa kalamu ya bluu chini kabisa, baada ya majina yote yaliyochapwa, na msimamizi akaandika pembeni yake neno moja: "hayumo". Ile karatasi nimeishika mimi kwa mikono yangu. Matokeo yalipobandikwa hakuwa na matokeo. Kumbe alijisajili chuoni, lakini hakusajili kozi kwenye mfumo, na dirisha la kusajili kozi lilikuwa limefungwa siku nyingi. Hakuna aliyemwambia kwamba hivyo ni vitu viwili. Wenzake wa mwaka wa pili walishazoea tangu mwaka wa kwanza, na wa mwaka wa kwanza walifundishwa wiki ya kupokelewa. Yeye aliangukia katikati. Alipofika dirishani kwangu alikuwa ameshalia mpaka macho yamevimba, na nilikuwa na uwezo mdogo sana wa kumsaidia.

Ndiyo maana nakuomba jambo moja hili kuliko mengine yote: uandikwe. Usilale na amani mpaka uone jina lako, kwa macho yako, kwenye mfumo wa usajili, kwenye kila kozi unayosoma, kwenye orodha ya Bodi ya Mikopo ya chuo kipya, na kwenye daftari la bweni. Mtu akikwambia "utaona tu, litaingia", mshukuru kwa adabu, kisha mwulize litaingia lini na urudi siku hiyo. Andika tarehe na cheo cha aliyekujibu. Sisi watu wa masijala tunamheshimu sana mwanafunzi mwenye kidaftari.

Bahasha ya kaki nimeiweka kwenye begi la mgongoni, siyo kwenye sanduku. Sanduku litakwenda kwenye buti ya basi, na buti tunaijua. Ndani kuna barua ya uhamisho, barua ya chuo chako cha zamani ya kukuachia, matokeo yako yenye muhuri, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, cheti cha kuzaliwa, ile fomu iliyosainiwa na maktaba, uhasibu, bweni na mshauri wa wanafunzi kwamba hudaiwi kitu, na ripoti ya mazoezi ya kufundisha uliyofanya Julai. Hiyo ripoti usiidharau. Usipoionyesha, unaweza kuambiwa uyarudie.

Chini kabisa kuna rundo lililobanwa kwa klipu nyeusi. Hiyo ni mihtasari ya kozi zako zote za mwaka wa kwanza. Uliniona nimerudi mara tatu kuifuata ukaniambia, "Mama, si matokeo yapo?" Mara ya kwanza mwenye muhuri alikuwa safarini, mara ya pili walinipa isiyo na muhuri, mara ya tatu nilikaa kwenye benchi mpaka saa nane mchana. Nilikaa kwa sababu naijua kazi yake. Utaratibu wa vyuo vyetu ni kwamba krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa, na mwaka mmoja ni krediti 120, kwa hiyo shahada yako ya miaka mitatu ni 360. Wewe una 120 mkononi. Lakini idara mpya haizipokei kwa kusoma jina la kozi tu. Inataka kujua ndani yake mlifundishwa nini. Nimeona kijana akirudishwa kusoma Kalkulasi upya na alishaifaulu kwa B+, kwa sababu kule kwao ilikuwa kozi moja nene, huku imegawanywa mbili, na hakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba ile moja ilifika mpaka kwenye intigrali. Alikuwa anaijua. Angeulizwa ubaoni angeifanya. Ila kikao cha idara kinasoma karatasi.

Kwa hiyo ukifika, mtafute mratibu wa programu yako wiki hiyo hiyo, umkabidhi nakala, halisi ubaki nazo. Muulize mambo mawili na umwombe akujibu kwa maandishi, hata kwa barua pepe. La kwanza, kozi zipi zimekubaliwa na zipi hazikukubaliwa. La pili, ambalo wengi hawaliulizi mpaka wakati wa kuhitimu: je, alama zangu za mwaka wa kwanza zitaingia kwenye hesabu ya GPA, au zitahesabika krediti tu? Jibu la swali hilo linaweza kukubadilishia daraja la shahada. Kama 3.9 yako haitaingia, upper second, daraja la pili la juu, inayoanzia 3.5 utaijenga kwa miaka miwili tu badala ya mitatu, na lazima ulijue hilo leo, siyo mwaka wa tatu.

Huenda ukakuta kozi moja au mbili za mwaka wa kwanza ambazo kule hukusoma. Utazifidia. Tatizo lake ni ratiba, kwa kuwa kipindi cha mwaka wa kwanza kitagongana na cha mwaka wa pili, na huwezi kukaa kumbi mbili kwa wakati mmoja. Tazama ni ipi kati ya hizo inayotangulia kozi nyingine, uisome hiyo kwanza. Zile zisizoshika kozi nyingine zinaweza kusubiri.

Kuhusu mkopo nisikilize vizuri. Uhamisho wako ukishapitishwa, jina lako nalo linatakiwa lihamishwe upande wa Bodi. Nenda dawati la mikopo la chuo kipya ukiwa na barua ya uhamisho na namba yako ya mtihani ya kidato cha nne. Rafiki yako wa zamani asije akakupigia simu kwamba bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, limefika kule na jina lako bado lipo, uende usaini mgawane nauli. Usisaini. Pesa ya chuo ambacho husomi inageuka deni lenye maswali, na deni la Bodi ukishaajiriwa linakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Bumu la kwanza likichelewa, usinifiche. Nimeweka akiba kidogo kwa shangazi yako, ya miezi miwili, ya chakula tu. Haitoshi mengine. Kadi ya bima ya afya nayo imefungwa na chuo cha zamani, kwa hiyo ukisajiliwa uliza namna ya kuihuisha kabla hujaugua.

Dodoma siyo Mwanza. Utalikosa ziwa. Hapa ukichoka unashuka Capri Point unatazama maji, moyo unatulia. Kule utakuta anga pana, vilima vikavu na upepo unaobeba vumbi, na midomo itakupasuka wiki ya kwanza. Nimekuwekea mafuta ya nazi. Chuo chenyewe ni kipana kuliko unavyofikiri. Kilianza mwaka 2007 upande wa Chimwaga, na ndaki zake, yale makundi ya idara, zimetawanyika, kwa hiyo kutoka moja kwenda nyingine si safari ya kwenda kwa miguu jua la saa saba. Siku moja kabla ya vipindi kuanza, zunguka ujue ukumbi wako uko wapi na daladala inasimama wapi. Ukikutana na wazee wa Kigogo sokoni, wasalimie "mbukwenyi". Watakupunguzia bei ya zabibu, na hata wasipopunguza, utakuwa umesalimia.

Kuna jambo jingine, la watu. Wenzako wa mwaka wa pili wameshakuwa pamoja mwaka mzima. Wana makundi yao ya kazi za pamoja, wana utani wao ambao hutauelewa, wana mahali pao pa kukaa. Hawatakuchukia, hawatakuona tu. Mimi niliwahi kuhamishwa shule nikiwa kidato cha tatu, babu yako, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, alipopelekwa kituo kingine. Nilikaa dawati la nyuma muhula mzima bila kumwambia mwalimu kwamba logarithimu wenzangu walishasoma nami sikusoma. Niliona aibu. Ile aibu ilinigharimu Hisabati, na mpaka leo ukiniletea swali lako la Hisabati namwita baba yako.

Wewe siku ya kwanza nenda kwa CR, kiongozi wa darasa. Mwambie, "Nimehamia, naomba uniweke kwenye kundi la WhatsApp la darasa na kundi la kazi." Sema hivyo hivyo, kwa sauti ya kusikika. Halafu wiki ya kuwapokea mwaka wa kwanza, nenda ukakae nao, hata kama wewe ni wa mwaka wa pili. Wanaonyeshwa maktaba, zahanati, namna ya kutumia mfumo, na nani anahusika na nini. Hayo yote na wewe huyajui. Na kanisani usingoje Pasaka. Kwaya inapokea sauti ya kwanza wakati wowote, na wewe sauti ya kwanza unayo.

Marafiki zako wa huku najua unawaachia moyo. Yule uliyekuwa unalala naye chumba kimoja alikuja juzi ulipokuwa sokoni, akakaa jikoni na mimi, akanisaidia kuchambua dagaa. Nusu ya hizo dagaa zilizo kwenye kopo la bluu alizikaanga yeye. Alinikataza nisikwambie, nimeshindwa.

Shangazi yako atakupokea stendi ya Nanenane. Ukishuka, usimpe mtu yeyote begi la mgongoni, hata yeye. Lala, upumzike, Jumatatu asubuhi uanze na ofisi ya udahili kabla foleni haijawa ndefu.

Simu yangu nitaiweka juu ya dirisha la masijala, palipo na mtandao. Siku utakapofungua mfumo ukaona jina lako lote, majina matatu, na chini yake kozi zako zote, piga picha ya skrini unitumie. Usiandike kitu kingine. Nitaelewa.

Baba yako anasema ameweka shilingi 20,000 kwenye mfuko wa ndani wa koti, na kwamba mimi sijui.

Nakupenda sana.

Mama yako