Kate Hakumuua Baba Yake

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma. Hata salamu umeiruka, nami sikulaumu, maana ulikuwa umetoka tu kutazama sehemu ya 14 ya msimu wa pili wa This Is Us, ile tamthilia ya Kimarekani. Unasema Kate ndiye aliyemuua baba yake. Asingemlilia yule mbwa aliyebaki ndani ya nyumba inayoungua, baba yake Jack angekuwa hai. Hapo, binti yangu, mimi na wewe hatupatani.

Kwanza, moto ule wa 1998 haukuanzia kwa Kate. Ulianzia kwenye chungu cha umeme kikuukuu chenye swichi mbovu, ambacho majirani waliwapa Jack na mkewe Rebecca. King'ora cha moshi nacho hakikuwa na betri, walisahau kununua. (Nasikia Wamarekani walianza kuviogopa vyungu vyao baada ya kutazama, hadi kampuni moja inayovitengeneza ikabidi ivitetee hadharani. Chungu kupata wakili! Nilicheka, ingawa haikuwa siku ya kucheka.)

Halafu tazama tena alichotoka nacho Jack. Alikuwa juu ya paa, ameshawateremsha Rebecca na watoto, mbwa akabweka ndani, Kate akapiga kelele. Sawa, akarudi. Lakini mlangoni hakutokea na mbwa peke yake. Alitoka na albamu ya picha, mkufu wa mkewe, na mkanda wa video ambao Kate anaimba. Nani alimwita kwa ajili ya mkufu? Hakuna. Zile dakika za mwisho ndani ya moshi alijiamulia mwenyewe, mtu mzima mwenye akili zake. Msichana wa miaka 17 analia kwa hofu huku nyumba yao inateketea, nawe unataka kilio hicho kihesabiwe kuwa hukumu? Mwenyewe ameshajihukumu vya kutosha, hadi ukubwani.

Tena moshi hauna haraka. Ndiyo maana kwangu mimi sehemu hii haiko kwenye moto kabisa, iko hospitali. Jack amefungwa bandeji mikononi, anatania, anamwambia mkewe amemziba asione televisheni. Sote tumeshapumua. Rebecca anatoka kupiga simu ya kutafuta hoteli, ananunua chokoleti kwenye mashine, na nyuma yake wauguzi wanakimbia, yeye hawaoni. Daktari anapomwambia kwamba moshi ulielemea mapafu, kisha moyo ukasimama, anaing'ata ile chokoleti kana kwamba ameambiwa habari za mtu mwingine. Mandy Moore, anayemwigiza Rebecca, hapo angetoka na tuzo mkononi, ningekuwa mimi mwamuzi. Wengi wanamsifu kwa kilio kinachofuata. Mimi namsifu kwa kule kutafuna.

Mambo ya ndugu zake Kate, Kevin kwenye mti na Randall na sherehe yake, nayapita. Mazuri, ila yangeweza kungoja wiki nyingine.

Lakini pale kwa Miguel, rafiki mkubwa wa Jack, usipapite. Miguel akipewa habari anaanza kuvunjika, Rebecca anamzuia, kwa sababu ndani kuna watoto wawili ambao bado wana baba kwa dakika chache zaidi, na yeye ndiye anayekwenda kuzimaliza dakika hizo. Huko nililia, naandika bila aibu. Wewe uliitazama kama mtoto aliyefiwa. Mimi niliitazama kama mtu anayejua ipo siku mmoja wetu, mimi au mama yako, atasimama mbele ya mlango wa namna hiyo. Sehemu hii ilirushwa mara tu baada ya Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, 4 Februari 2018, watazamaji takriban milioni 27. Sijui nani alipanga watu wamalize mpira kisha walale na hayo.

Jambo moja lingine: acha kunilinganisha na Jack. Mtu huyo ameandikiwa maneno yake na jopo zima la waandishi. Mimi nazungumza bila kuandikiwa, tena mara nyingi nikiwa nimechoka.

Na kuhusu swali lako la mwisho, kama ningerudi ndani: kwa ajili yako, ndiyo. Kwa ajili ya paka wako, tutazungumza ukirudi likizo. Albamu iungue.

Endelea na msimu wa tatu. Ila ukifika msimu wa sita, ile sehemu ya treni karibu na mwisho, nisubiri tuitazame pamoja. Mama yako amesema na yeye asiachwe.

Baba yako