Mpwa wangu, safari huchosha kwenye maungio

Assalaam alaykum mpwa wangu,

Kazi yako mpya ya kaunti itakupeleka Nairobi mara kwa mara, na siku nyingine kisiwani Pate. Nakuandikia hadharani kwa sababu si wewe peke yako unayeanza kazi ya namna hii hapa Lamu. Wengi hudhani kinachochosha ni masafa. Ndege kutoka Manda, kisiwa cha pili chenye uwanja wetu, hadi Nairobi huchukua zaidi kidogo ya saa moja, nayo haimchoshi mtu. Kinachochosha ni maungio: gati na boti, boti na uwanja, uwanja na teksi, teksi na mlango wa mkutano. Hapo ndipo begi hurowa, kitambulisho hupotea, na mtu hufika kazini kwa hasira. Ukiyatengeneza maungio, safari iliyobaki ni kukaa tu.

La kwanza ni saa. Tiketi huandikwa kwa hesabu ya saa 24, kwa hiyo 14:00 ni saa 8 mchana. Mwenzako wa Nairobi akikuandikia "tuonane saa 2", huenda anawaza saa ya Kizungu, yaani saa 8 yetu. Muulize kama ni asubuhi au mchana, kila mara, hata kama unaona haya. Kisha hesabu kwa kurudi nyuma. Ndege ya saa 8 inakutaka Manda saa 7. Kuvuka ni kama dakika 10, lakini boti ya abiria husubiri ijae, basi uwe gatini saa 6 na robo. Adhuhuri itakukuta njiani. Nuia kuikusanya na alasiri, usiipapie.

Sasa maji, na hapa nitakaa kidogo. Miezi ya upepo wa kusi, takriban Aprili hadi Septemba, bahari huchafuka na marasharasha huingia botini hata kwa safari fupi. Laptopu haiuliwi na maji pekee. Chumvi ndiyo adui. Maji ya bahari hupitisha umeme vizuri kuliko maji baridi, na yakikauka chumvi hubaki ikila viungo vya ndani polepole. Ndiyo maana mashine iliyorowa huweza kuwaka kesho yake, ikafa baada ya wiki mbili. Nunua begi la mpira lisilopitisha maji, la lita 15 au 20, ukunje mdomo wake mara tatu kabla ya kubana kifungo. Ukikunja mara moja linavuja. Mfuko wa plastiki wa dukani usiutegemee, na tangu 2017 umepigwa marufuku Kenya. Laptopu ikirowa, izime, usiichaji, mpe fundi aifungue na kuisafisha. Kuifukia kwenye mchele hakuondoi chumvi.

Bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, lina yake. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa karibu na saa 4 asubuhi na kujaa karibu na saa 10 alasiri, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Maji yakipwa, ngazi za chini za gati huwa na ukoga na boti huwa chini sana. Mpe nahodha begi kwanza, shuka mikono mitupu, viatu vya ofisini vikiwa ndani ya begi. Kwa Pate, Siyu na Faza jambo hili ni zito zaidi, maana Mkanda, mlango wa bahari baina ya Manda na bara, hukosa kina maji yakiwa yamepwa. Ofisi ikikupangia mkutano Faza saa 4 asubuhi siku ya bamvua, usikubali kabla ya kuzungumza na nahodha. Panga mkutano kwa maji, si kwa kalenda ya ukutani, na uwaeleze wakubwa mapema kwa nini. Wageni wa bara hawalijui hili na si kosa lao.

Ndege nyingi ndogo za huku huruhusu kilo 15 na hutaka begi laini. Soma tiketi yako, kila shirika lina sheria yake. Pima begi nyumbani. Pawabenki haikubaliwi kwenye mzigo wa chini, ibebe mkononi. Isizidi saa-wati 100, ambazo ni kama mAh 27,000, kwa hiyo ile ya mAh 20,000 inapita. Na tazama tiketi ya kurudi inasema Wilson au Jomo Kenyatta. Ni viwanja viwili tofauti, na ukienda kusiko, foleni ya Nairobi haitakungoja.

Ukipita barabarani, kitambulisho kiwe mfuko wa shati, maana kuna vizuizi vya ukaguzi baina ya Mokowe, gati la upande wa bara, na Garsen. Ukienda Mombasa asubuhi jua huwa kushoto. Kaa upande wa dereva, katikati ya basi, siyo juu ya magurudumu ya nyuma. Ukirudi asubuhi, kaa upande wa pili. Chakula cha njiani kiwe mahamri, mayai ya kuchemsha, tende. Mbaazi za nazi ziache nyumbani, kwa joto lile tui huchacha. Maji yanywe, wanaojinyima wakiogopa kuomba basi lisimame hufika na kichwa kinachowanga. Mvua kubwa zikinyesha, uliza kwanza hali ya Gamba na Lango la Simba, kwani mafuriko ya 2023 yaliikata barabara pale. Na usiunganishe basi la Mokowe na treni ya Nairobi siku hiyo hiyo kama mkutano hauwezi kukungoja. Lala Mombasa.

Nairobi iko juu, karibu mita 1,800. Julai na Agosti usiku ni baridi ya kweli kwa mtu wa pwani. Sweta na soksi ziwe juu kabisa ya begi, uzivae kabla ya kutoka uwanjani. Hotelini omba chumba cha nyuma, mbali na lifti na jenereta, na uhakikishe maji moto kabla ya kufungua begi, wakati bado wanaweza kukubadilishia. Ukinuia kukaa siku 4 au zaidi, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, kwa madhehebu yetu ya Shafii usiqasiri tena, yaani usifupishe swala. Mkutano wa Ijumaa, waambie tangu mwanzo kwamba saa 6 na nusu utaondoka. Ukiwaambia siku ile ile utaonekana mkaidi, ukiwaambia wiki nzima kabla watapanga.

Halafu pesa. Masurufu ya serikali, zile pesa za safari unazopewa kabla, hurejeshewa hesabu ndani ya siku 7 za kazi baada ya kurudi kituoni, na mabaharia hawatoi risiti. Mlipe nahodha kwa M-Pesa hata kama ni shilingi chache, ujumbe ule ubaki kwenye simu, na usiku huo huo uandike tarehe, njia na kiasi. Hesabu za safari ya siku tatu ni dakika tano kila usiku. Ukizilimbikiza, utajikuta unajilipia mwenyewe.

Chukua na haluwa, sahani ndogo mbili, kwa wenyeji wako. Haiharibiki njiani.

Nipigie ukishavuka.

Mjomba wako, Lamu